Jemadari na Mateka: Mapenzi Haya Yanasimamaje Katika Riwaya ya Fantasia?

Ngome imeanguka usiku. Asubuhi mateka wamepangwa uani, na jemadari wa jeshi lililoshinda anapita mbele yao, anasimama kwa mmoja ambaye hajainamisha kichwa. Msomaji wa fantasia anaijua sura hii kama njia ya kwao. Anajua watagombana, mmoja atajeruhiwa, mwingine atamfunga kidonda, na kabla kitabu hakijaisha watakuwa wapenzi. Mwisho anaujua, kwa hiyo anachosomea ni njia: hawa wawili watafikaje huko bila mwandishi kumghilibu?

Waandishi wengi hujitaabisha na mvuto: macho, sauti, mkono uliogusana na mkono kwenye kikombe. Mvuto ni sehemu rahisi. Kazi ngumu ni mamlaka. Mmoja ana ufunguo, upanga na askari elfu tatu. Mwenzake hana hata uamuzi wa saa ya kwenda chooni. Hesabu hiyo isipofanyiwa kazi waziwazi kwenye ukurasa, neno “nakupenda” kinywani mwa mateka halina uzito, kwa sababu hakuna ajuaye angesema nini kama angeweza kukataa.

Wakale walilijua

Kisa chenyewe si cha juzi. Katika Iliadi, utenzi wa Kigiriki wa kale wa Homer, shujaa Achilles anauteka mji wa Lyrnessus na Briseis anaangukia mikononi mwake kama ngawira. Agamemnon, mkuu wa jeshi lao, anapomnyang'anya, Achilles anasusa vita, na katika kitabu cha 9 anasema alimpenda kwa moyo ingawa alimpata kwa mkuki. Wasomaji wengi huishia hapo na kuita mapenzi. Lakini Briseis mwenyewe anasema mara moja tu katika utenzi mzima, kitabu cha 19, na neno la mahaba kwa Achilles halimo. Anaililia maiti ya Patroclus, rafiki wa Achilles. Anataja kwamba alimwona mumewe akikatwa mbele ya mji wao na kaka zake watatu wakafa. Kwamba Patroclus ndiye aliyemtuliza asilie, akimwahidi atafanywa mke halali wa Achilles. Kisha mtunzi anaongeza kitu ambacho mwandishi wa leo angekibandika ukutani: wanawake wengine wakalia pamoja naye, kwa nje wakimlilia Patroclus, kwa ndani kila mmoja akililia yake.

Ufundi wote umo humo. Mateka daima ana maneno mawili, lile linaloruhusiwa kusikika na lile alilolifukia chini yake. Ukimpa lile la juu peke yake, umeandika kivuli chake.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, mstari wa 10 hadi wa 14, inaweka utaratibu kwa askari aliyemtamani mwanamke mateka. Ampeleke nyumbani, anyolewe nywele, akatwe kucha, avue mavazi ya utekwa, awalilie baba na mama yake mwezi mzima, ndipo amwoe. Na asipompenda tena amwache aende zake, asimuuze kwa fedha. Kama mwanamke mwenyewe anataka, hakuna anayeuliza. Hata hivyo sheria ya zama zile iliona mambo mawili ambayo riwaya nyingi za leo zinayapita: kwamba mateka ana wafu wake na kilio kinahitaji siku zake, na kwamba lazima pawe na njia ya kutoka bila kuuzwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Uganda au mashariki mwa Kongo, mambo haya hayapo vitabuni tu. Waasi wa Lord's Resistance Army waliteka wasichana wakawagawa kwa makamanda na kuwaita wake zao. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, mmoja wa makamanda hao, ambaye naye alitekwa akiwa mtoto. Makosa yalikuwa 61, miongoni mwake ndoa ya kulazimishwa na utumwa wa kingono; Mei mwaka huohuo akahukumiwa miaka 25. Mada haijapigwa marufuku kwa sababu hiyo. Ila neno “mke” likitoka kinywani mwa jemadari katika sura ya tatu, wapo watakaolisikia kwa masikio hayo, na wana haki. Na hili halina mjadala: wote wawili wawe watu wazima, na umri wao ujulikane mapema.

Ni mateka wa aina gani?

Swali hili lijibiwe kabla ya sentensi ya kwanza, kwa sababu aina ya mateka ndiyo inayoamua nani anaweza kumgusa, anakula wapi, na nini kitatokea jemadari akimwachia.

Askari aliyeshikwa vitani ana bei. Vita vya Ulaya ya zama za kati viliendeshwa kwa fidia: Mfalme John wa Pili wa Ufaransa alishikwa na Waingereza karibu na mji wa Poitiers mwaka 1356, na mkataba wa 1360 ulimpangia fidia ya sarafu za dhahabu milioni tatu. Mateka wa namna hii hulindwa kama mali, hupewa kitanda na daktari, na jemadari akimwachia bure ana watu wa kujibu, kuanzia mfalme wake hadi askari waliotegemea mgao. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba bei huweza kufutwa na hofu. Katika mapigano ya Agincourt, mwaka 1415, Mfalme Henry wa Tano wa Uingereza aliamuru mateka wauawe alipodhani anashambuliwa upya. Mateka mwenye akili anajua kwamba heshima anayopewa inadumu hadi tarumbeta ifuatayo.

Wa pili ni dhamana, yaani mtu aliyetolewa na upande wake ili mkataba ulindwe. Huyu hakufungwa pingu. Anakaa mezani, anapanda farasi, anafundisha watoto wa mwenyeji wake kucheza bao, na siku mkataba ukivunjwa anakatwa kichwa na watu walewale aliokula nao. Kwa mapenzi ya polepole hakuna mateka bora kuliko dhamana, kwa kuwa saa inahesabu tangu ukurasa wa kwanza na mwenye kuuvunja mkataba yuko mbali, nje ya uwezo wa wapenzi wote wawili. Mwana wa yule Mfalme John alikuwa dhamana kwa Waingereza. Alipotoroka mwaka 1363, baba yake alirudi mwenyewe London mwaka uliofuata kulinda neno lake, akafia huko. Hebu fikiria riwaya ambayo jemadari ndiye aliyemfungulia mlango yule mwana.

Wa tatu ni mwenye ujuzi: mganga, mchora ramani, mfua vyuma, anayejua lugha ya majoka. Yuko hai kwa sababu ya kile alichonacho kichwani, kwa hiyo ana kitu cha kuuza na kitu cha kuficha. Anafaa sana. Wa nne ni ngawira, mtu aliyegawiwa kama ng'ombe, na huyo ndiye mgumu kuliko wote. Anayemwandika Briseis wa leo ajue amechagua mlima.

Kambi ina macho na ina tumbo

Mapenzi mengi ya aina hii huangushwa na vitu vidogo: chakula, umbali, vidonda. Mwandishi hajapiga hesabu, basi kambi inageuka jukwaa tupu lenye hema moja.

Askari mmoja hula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Jeshi la watu 3,000 ni tani tatu. Punda hubeba kilo 60 hivi, kwa hiyo ni punda 50 kwa chakula cha siku moja tu, kabla hujawahesabu farasi ambao kila mmoja anataka kilo nane hadi kumi za malisho na lita 30 za maji. Sasa ongeza mateka 200. Ni kilo 200 kila asubuhi, kutoka gunia lilelile. Mkuu wa ghala atalileta jambo hili mbele ya jemadari siku ya tatu, na atakuwa na hoja. Jemadari anayewaweka hai lazima awe na sababu inayosemeka mbele ya maofisa wake. “Alivutiwa na ujasiri wake” haisemeki.

Umbali nao. Askari wa miguu kwenye barabara nzuri hupiga kilomita 20 hadi 25 kwa siku. Wakiwa na mikokoteni, majeruhi na mateka, 12 hadi 15. Mji mkuu ukiwa kilomita 300 mbele, safari ni siku 20 hadi 25, na ukiweka mapumziko na mto uliofurika, karibu mwezi. Huo ndio muda wako wa mapenzi, na ni mfupi. Wiki nne zinatosha chuki igeuke udadisi, udadisi ugeuke aina fulani ya heshima. Zaidi ya hapo unahitaji majira ya mvua yawafungie ngomeni, au kuzingirwa, au safari ya kurudi. Waandishi wengi husema tu “siku zikapita”, wakadhani wamemaliza.

Vidonda ndivyo vinavyochekesha zaidi. Mateka anapigwa kichwani, anazimia, anaamka kesho yake kwenye hema la jemadari akiwa na ulimi mkali. Mtu aliyepoteza fahamu zaidi ya nusu saa kwa pigo la kichwa ameumia ubongo kiasi cha kutiliwa shaka. Akiamka atatapika, atachanganya siku, mwanga utamuumiza, na wiki nzima hatakuwa na kejeli za kumrushia mtu. Ukitaka afike hemani akiwa timamu, mfunike macho, usimpige. Kamba iliyokazwa kwenye vifundo vya mikono kwa saa kadhaa huacha ganzi upande wa kidole gumba, na ganzi hiyo yaweza kukaa wiki. Mpiga upinde wako hatavuta uzi kesho. Kidonda cha upanga kilichoshonwa hutolewa nyuzi baada ya siku 7 hadi 14. Mfupa wa mkono ni wiki sita, wa paja miezi mitatu. Haya yanaonekana kama vizuizi, kumbe ndiyo yanayokupa matukio: mtu asiyeweza kufunga vifungo vya nguo yake mwenyewe anamwomba nani amsaidie, na ombi hilo linamgharimu nini?

Halafu kuna macho. Hema la jemadari si faragha. Kuna karani, kuna mpishi, kuna mpambe anayelala mlangoni, kuna mjumbe anayefika saa nane za usiku na barua. Warumi waligawa usiku katika zamu nne za ulinzi, kwa hiyo kila saa tatu hivi kuna watu wapya langoni wenye kuuliza walioondoka wameona nini. Mateka akiingia hemani jioni na kutoka alfajiri, kambi nzima imeshajua kabla uji haujachemka. Maofisa watasema jemadari amerogwa. Na zizini wanakofungiwa mateka, mwenzake akinusa mafuta ya nyama kwenye mikono yake, atasogea pembeni bila kusema neno. Shaka hizo mbili, ya maofisa na ya mateka wenzake, ndizo injini ya kitabu. Asiyeziandika hujikuta sura ya 12 akitafuta adui wa kumleta kutoka mbali.

Mateka naye asikae akingoja. Utendi wa Fumo Liyongo unafundisha hili kuliko darasa lolote: Liyongo yuko kifungoni, walinzi wanajichagulia chakula kizuri anacholetewa na kumwachia kibaya, basi anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, aoke mkate wa wishwa na ndani atie tupa. Walinzi wanaupuuza mkate wa wishwa. Kisha ngoma ya gungu inapigwa, na ndani ya kelele ile minyororo inakatwa. Angalia viungo: mtu wa kwenda na kurudi, tabia ya walinzi iliyosomwa vizuri, chakula kisichotamanika, kelele ya kufunika sauti. Mateka wako hata akipenda, awe anahesabu. Zamu inabadilishwa lini, nani ana ufunguo, nani analewa. Siku akiacha kuhesabu, msomaji ajue ni siku gani na kwa nini.

Hapana ya kwanza

Tukio linalobeba kitabu ni lile ambalo mateka anakataa kitu na kukataa kwake kunaheshimiwa kwa gharama inayoonekana. Busu linakuja mbali sana nyuma yake.

Chukua mwaliko wa chakula cha jioni, ambao umo karibu kila mahali. Toleo bovu huandikwa hivi: alitaka kukataa, lakini kitu katika macho ya jemadari kilimshinda. Hapo mwandishi amemnyang'anya mateka uamuzi na kuuita mvuto. Sasa liweke hivi:

“Mwambie jemadari wako sina njaa.”

Askari hakuondoka. Alikuwa kijana, ndevu bado hazijajaza. “Dada, mimi nimetumwa nirudi na wewe.”

“Nisipokuja, wale wa zizini watakula usiku huu?”

Kijana akaangalia viatu vyake.

Ndiyo hiyo. Hakuna aliyetisha mtu, jemadari mwenyewe hayupo, na huenda hata hakukusudia tisho lolote. Lakini mateka amepiga hesabu ambayo kila mateka hupiga, na msomaji ameiona. Kosa ambalo wengi hulifanya baada ya hapo ni kumleta jemadari aseme “mimi si mtu wa namna hiyo”. Maneno ya mwenye ufunguo ni bure. Anachoweza kutoa ni tendo lililotangulia: kesho yake chakula cha zizini kinafika kabla ya jua, na hakuna mwaliko. Keshokutwa kinafika, hakuna mwaliko. Siku ya nne mkuu wa ghala anamfokea jemadari mbele ya watu kuhusu magunia, na jemadari anakubali kupunguziwa mgao wa walinzi wake mwenyewe. Mateka anasikia ugomvi kupitia turubai. Sasa kuna kitu cha kuzungumza.

Njia ya kujikagua ni rahisi na inachosha. Kwa kila tukio la wawili hawa, andika pembeni mambo manne: nani ana ufunguo, nani ana silaha, “hapana” ingemgharimu mateka nini wakati huu, na nani ameona. Ukipitia rasimu nzima, safu ya tatu ndiyo isomwe kwa makini. Ikiwa sura ya 2 inasema “wenzake watakufa njaa” na sura ya 20 bado inasema hivyohivyo, kitabu hakijasogea, hata kama wamebusiana mara tisa. Gharama ya kukataa ishuke hatua kwa hatua, na kila hatua iwe na tendo lililoishusha.

Hapa ndipo watu hutaja “ugonjwa wa Stockholm”, yaani mateka kushikamana na aliyemteka. Jina hilo lilitokana na uvamizi wa benki katika mji huo wa Sweden, kuanzia tarehe 23 hadi 28 Agosti 1973, ambapo watu wanne walishikiliwa na baadaye wakaonekana kuwatetea waliowashikilia. Kinachosahaulika ni kwamba mateka wale waliwaogopa polisi, waliokuwa nje wakipanga kuvamia kwa gesi, na mmoja wao alimlalamikia waziri mkuu kwa simu. Ukaribu wao na mshikaji ulikuwa pia hesabu ya nani anaweza kukuua leo. Na neno lenyewe halijawahi kuingia kama ugonjwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Kwa mwandishi, faida ya kisa hiki ni dalili zake. Mtu anayeshikamana kwa hofu husoma hali ya mshikaji kabla ya kusema: nyayo zake, namna anavyoweka kikombe, kama amelala vizuri. Anacheka utani wake usiochekesha. Ukiyaandika haya katika sura za mwanzo kisha yakaanza kupungua, akaanza kumkatiza maneno, akasahau kusikiliza nyayo, msomaji atahisi badiliko bila kuambiwa. Yakibaki hadi mwisho, umeandika mtu anayeogopa, basi kuwa mkweli na ukiite kitabu kwa jina lake.

Kuhusu mtazamo wa usimulizi, kwa kifupi: usituingize kichwani mwa jemadari mapema. Tukishajua sura ya 2 kwamba hawezi kumdhuru, taharuki imekufa. Sura ya 9 au 10 si kuchelewa katika kitabu cha sura 30. Na jemadari akiwa mwanamke na mateka mwanamume, hesabu ni ileile, wala usitegemee misuli ya mwanamume ikufutie ufunguo.

Uchawi unasaidia wapi, unaharibu wapi

Fantasia ina vifaa ambavyo riwaya ya kihistoria haina, na vingi huleta madhara. Kibaya kuliko vyote ni jaala: wameandikiwa, roho zao zimefungwa pamoja na miungu, alama zimewaka mikononi. Mwandishi ameutoa uamuzi nje ya mikono ya wote wawili, halafu anatuomba tushangilie. Ukiipenda sana jaala, ipe ncha. Kifungo kiwafanye wahisi maumivu ya kila mmoja, basi kila kofi linalopigwa zizini jemadari analihisi shavuni akiwa kwenye baraza la vita, na kifungo kiweze kukatwa. Baadaye wakikate. Kinachobaki baada ya kukatwa ndicho tulichokuwa tunasubiri.

Dawa ya uponyaji wa papo hapo hufuta wiki zile ambazo ndizo zingekuwa kitabu. Ipunguze: izibe kidonda lakini iache homa, au ichukue nguvu ya mponyaji kwa siku tatu. Kusoma mawazo ni hatari zaidi. Mateka asiyeweza hata kuficha fikra hana pa kusimama, na hakuna mapenzi yatakayoota hapo. Kama jemadari ana kipaji hicho, mateka awe na kinga, au jemadari apoteze kipaji mapema.

Uchawi unaofaa ni ule usioporwa: unaofanya kazi kwa hiari tu. Jina la siri lisilo na nguvu likitamkwa kwa mateso, kiapo kisichoshika akilini mwa aliyelazimishwa, daraja linalofunguka kwa anayetaka kulifungua. Ghafla mwenye upanga ana kitu asichoweza kukipata kwa upanga, na lazima aombe. Ataomba vibaya mara ya kwanza.

Mlango wazi

Karibu na theluthi ya mwisho, tuseme sura ya 20 au 22 kati ya 30, mateka aachiwe. Aachiwe kweli: farasi, chakula cha siku tano, barua ya kupita vituo vya ulinzi, na mwelekeo wa kwao. Kuachiwa kwa ndani ya kambi hakutoshi, maana mtu aliyefunguliwa pingu katikati ya askari elfu tatu bado ni mateka. Na aondoke. Waandishi wengi hufika hapa wakaogopa; mateka anafika langoni, anageuka, anarudi mbio. Huko ni kumrudisha zizini kwa miguu yake.

Akiondoka, mpe sura mbili au tatu huko kwao. Huko ndiko kuna kitabu cha pili kilichofichwa ndani ya kitabu hiki. Mama yake anamtazama kwa swali ambalo hataliuliza. Jirani anauliza kwa nini yeye amerudi na mwanawe hakurudi. Wazee wa baraza wanataka ajuavyo kuhusu kambi: visima, idadi ya punda, zamu. Anavijua vyote, kwa sababu alikuwa akihesabu. Akivisema, watu aliokula nao watakufa. Akivificha, yeye ni msaliti. Uamuzi wake hapo, ukiwa hauna ufunguo wala upanga wa jemadari juu yake, ndio ungamo la mapenzi au la kuyakataa. Likitokea neno “nakupenda” baada ya hapa, lina uzito, hata likisemwa vibaya.

Jemadari naye alipe. Kumwachia mateka mwenye bei ni kosa la kijeshi; apunguzwe cheo, au avuliwe, au mfalme wake amtume mahali pa kufia. Akiachia na kubaki na kofia yake, msomaji atajua ilikuwa gharama ya karatasi. Kama ni yeye aliyewaua ndugu wa mateka kwa mkono wake, nikushauri usiandike mapenzi. Andika kisasi, au andika ushirikiano mchungu wa watu wawili wanaohitajiana, na uache hapo. Kama aliamuru tu, bado wafu wana majina, na mateka ayaseme mbele yake angalau mara moja bila kukatizwa, bila jemadari kuomba msamaha katikati ili ajipunguzie.

Na kuna lile linalosahauliwa hata na waandishi wazuri. Jemadari amemwachia mmoja. Zizini walikuwa 200. Mwandishi aliyesherehekea harusi katika sura ya 30 bila kusema 199 waliobaki walikwenda wapi ameandika riwaya ya mtu mmoja aliyebahatika, na wasomaji watauliza. Dawa yake huanza mapema: sura ya 3, wape majina watatu au wanne wa zizini, mzee anayekohoa, fundi viatu, dada wawili wasioachana mikono. Waonekane kila sura chache, wakibadilika. Ndipo kuachiwa kwao, kwa kubadilishana mateka, kwa fidia iliyopunguzwa, au kwa sharti ambalo mateka wetu aliliweka mezani kabla ya kupokea farasi wake, kuwe tukio la kwanza ambalo wawili hawa wamelipanga pamoja wakiwa pande mbili za meza, kila mmoja na orodha yake.